Kava ya Simu na Malipo ya Kugusisha: Nani Hasa Mkosaji?

Majuma kadhaa yamepita bila neno kutoka kwangu. Kazi zimebana, na mteja niliyekuwa nikimtengenezea mfumo wa hesabu za ghala hakuniacha nipumue. Leo nimepata nafasi, na nataka tuzungumzie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mwaka huu kuliko swali jingine lolote, likiwemo lile la "nikusomee kozi gani ya tarakilishi?". Swali lenyewe ni hili: je, kava ya simu inazuia malipo ya kugusisha? Na kama inazuia, mtu afanye nini, aivue kila akifika kwa keshia?

Jibu fupi nalitoa sasa hivi kwa wale wenye haraka. Kava ya plastiki, silikoni, mpira, mbao au ngozi haina hatia. Wakosaji ni watatu: kipande cha chuma kilichobandikwa kwenye kava, kadi nyingine iliyofichwa ndani ya kava, na mtu kugusisha upande wa simu usio na antena. Jibu refu linafuata, na lina hesabu kidogo. Msikimbie.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili si la mchezo. Nimemwona kijana katika foleni ya supamaketi hapa Nairobi akiivua simu kava kwa meno, mkono mmoja umeshika mfuko wa unga, simu ikateleza na kuanguka chini kifudifudi. Kioo kilipasuka, na malipo yenyewe alikuja kuyafanya kwa pesa taslimu. Ukiuliza bei ya kioo kipya kwa mafundi wa Luthuli Avenue utajua kwamba unga ule ulimgharimu zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye rafu. Simu ndiyo benki yetu, ndiyo kitambulisho chetu cha nusu ya mambo, na kuiambia watu waivue nguo mbele ya sakafu ya vigae ni ushauri mbaya. Ninausikia ushauri huo kila mahali, hata kutoka kwa watu waliofunzwa kuuza mashine hizo.

Tuanze na kuelewa kinachotokea. Watu wengi wanadhani malipo ya kugusisha ni habari ya "netiweki". Nimeona mtu akiinua simu juu mbele ya mashine, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kijijini tukitafuta mtandao karibu na mwembe. Mawasiliano haya hayahusiani kabisa na mnara wa simu. Yanaitwa NFC, yanatumia masafa ya megahezi 13.56, na kanuni zake za msingi zimo katika kiwango kiitwacho ISO/IEC 14443. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 22 hivi. Sasa fikiria: wimbi la mita 22, nawe umesimama sentimita 2 kutoka kwenye mashine. Katika umbali huo hakuna wimbi linalosafiri la kuzungumzia. Kilichopo ni uga wa sumaku tu, sawa na ule wa transfoma tuliyochora darasani katika kidato cha tatu au cha nne. Ndani ya mashine kuna koili moja, ndani ya simu kuna koili nyingine. Umeme unazunguka katika koili ya kwanza, uga wa sumaku unapita katikati ya koili ya pili, na hapo data inaanza kuvuka. Ni transfoma iliyokatwa vipande viwili, kimoja mikononi mwa keshia na kingine mikononi mwako.

Kadi ya benki haina betri hata kidogo. Nguvu yake yote inaipata kutoka kwa uga huo wa mashine. Simu ina betri yake, na nyingi za kisasa zina chipu inayolijibu dai la mashine kwa nguvu yake yenyewe badala ya kutegemea kuusumbua uga tu. Kwa hiyo mara nyingi simu iko katika hali nzuri kuliko kadi. Viwango vya EMV, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa na Visa na Mastercard, vinaitaka mashine iweze kusoma hadi sentimita 4 juu ya alama yake. Kava nene kuliko zote nilizowahi kushika, zile zinazofanana na tairi la trekta, haifiki hata milimita 6.

Sasa hesabu. Nguvu ya uga wa sumaku juu ya koili ya mviringo inajulikana kwa fomula ya zamani sana, ya miaka mingi kabla ya simu. Ukiwa na koili ya mashine yenye nusukipenyo cha sentimita 3, na ukiichukua nguvu iliyopo katikati ya koili kuwa asilimia 100, basi sentimita 1 juu yake inabaki asilimia 85. Sentimita 2, asilimia 58. Sentimita 3, asilimia 35. Sentimita 4, asilimia 22. Sentimita 6, asilimia 9 tu. Unaona jinsi inavyoporomoka. Lakini tazama mwanzo wa mporomoko: kwa milimita 3, ambao ndio unene wa kava nzito ya kawaida, inabaki zaidi ya asilimia 98. Umepoteza asilimia moja na nusu. Hakuna mashine duniani inayokataa malipo kwa sababu ya asilimia moja na nusu.

Maana yake ni kwamba ukivua kava umepata milimita 3, lakini mkono wako ukitetemeka na kusogea sentimita 2 umepoteza karibu nusu ya nguvu. Watu wanahangaika na milimita huku sentimita zinawatoroka.

Mimi si mtu wa kuamini fomula bila kuijaribu, kwa hiyo nilifanya jaribio la kimaskini mezani pangu. Nilichukua simu ya Android yenye programu ya kusoma kadi, niliyoiandika mwenyewe jioni moja (mistari haifiki mia), nikaweka kadi ya benki mgongoni mwa simu na kuanza kutia karatasi za printa katikati, moja baada ya nyingine. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo karatasi 30 ni kava moja nene. Kwa karatasi 30 ilisoma bila kusita. Nikatia kava ya silikoni juu ya karatasi hizo. Ikasoma. Nikatia pochi ya ngozi. Ikasoma. Kisha nikaondoa vyote na kutia kipande kimoja cha karatasi ya foili ya jikoni, ile ya kufungia kuku, nyembamba kuliko karatasi yoyote kati ya zile nilizoondoa. Kimya. Kama vile kadi haikuwepo.

Hapo ndipo penye siri yote. Uga wa sumaku unaobadilika ukikutana na chuma au alumini, unazalisha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya madini hayo, na mikondo hiyo nayo inazaa uga wake unaopingana na ule wa kwanza. Ni kanuni ya Lenz, ile ile. Katika masafa ya NFC mikondo hii inakaa kwenye ngozi ya juu kabisa ya madini: kwa alumini ni kiasi cha maikromita 22, sehemu tu ya unene wa unywele. Ndiyo maana foili ya jikoni inatosha. Na si kuziba tu. Chuma kikikaa karibu na antena kinaihamisha kutoka kwenye masafa yake, kama redio iliyosogezwa kidogo kando ya stesheni. Unasikia mkwaruzo lakini taarifa ya habari huipati.

Sasa jiulize, chuma hicho kinatoka wapi kwenye kava? Geuza simu yako uone. Kuna pete ya kushikia kwa kidole, ile inayobandikwa katikati ya mgongo. Kuna sahani nyembamba ya chuma ya kushikilia simu kwenye kishikio cha sumaku ndani ya gari. Madereva wa teksi za mtandaoni karibu wote wanayo, na wengi wameificha kati ya simu na kava hata wamesahau kwamba iko. Kuna sumaku ya kufungia kava ya pochi. Kuna kava zenye betri ndani. Na kuna kava za nyuzi za kaboni. Hizi zina mzaha wake: nyuzi halisi za kaboni hupitisha umeme na zinaweza kukusumbua, lakini zile za bei ya kibandani huwa ni plastiki iliyochapwa picha ya nyuzi za kaboni, na plastiki haina tatizo. Kwa mara moja bandia inakufaa kuliko halisi.

Nina mfano mzuri wa hayo kutoka kwa binamu yangu mwenye duka la viatu Mombasa. Yeye hatumii simu kulipa, anaitumia kupokea. Siku hizi simu ya Android yenye NFC inaweza kugeuzwa mashine ya kadi kwa programu tu; mteja anagusisha kadi yake nyuma ya simu ya mwenye duka, basi. Kwa duka dogo hilo ni jambo kubwa, maana wageni wa hotelini na watu wa likizo kutoka bara wanapenda kulipa kwa kadi. Shida ni kwamba kadi zilikuwa hazisomeki. Mteja anagusisha mara tatu, mara nne, anaangalia saa, anarudisha viatu kwenye rafu. Dada huyu alimpigia simu yule wakala aliyemwekea programu hiyo, naye akamwambia simu yake ni dhaifu, anunue nyingine ya daraja la juu. Bei aliyotajiwa ilikuwa zaidi ya faida yake ya miezi miwili. Alikuwa tayari ameomba mkopo kwenye chama chao cha akina mama, na kikao cha kuupitisha kilikuwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa huko kwa likizo ya Desemba. Alhamisi jioni akanipa ile simu. "Kaka, wewe ndiwe mtu wa mitambo, hebu itazame hii kabla sijajitia deni," akasema. Nikaigeuza. Kava nene ya mpira, na katikati ya mgongo, pete ya chuma ya kushikia yenye kitako kipana kama sarafu kubwa. Nikamwuliza kama iliwahi kusoma vizuri. Akasema mwanzoni ilisoma sana. Pete ilikuja lini? Akafikiri. "Baada ya Idi, mwanangu aliniletea."

Tulijaribu kwa kadi yangu. Pamoja na pete: hakuna kitu. Tukavua kava yote: ikasoma mara moja. Hapo angekuwa mtu mwingine angesema kava ndiyo mbaya, na kumwacha dada wa watu auze viatu na simu isiyo na kinga juu ya kaunta ya kioo. Tukairudisha kava, tukaing'oa pete kwa uzi wa kushonea viatu (anao mwingi), tukajaribu tena na kava ikiwa mahali pake. Ikasoma, na ikasoma tena, na tena. Pete tukaibandika chini kabisa karibu na shimo la chaji, mbali na antena, kwa sababu mtoto angeuliza. Ikaendelea kusoma. Mkopo ulifutwa Ijumaa.

Kuna jambo la kiufundi katika kisa hicho ambalo waandishi wenzangu wa programu watalipenda. Simu inapokuwa mashine ya kusoma, antena yake ni ndogo kuliko ya mashine halisi, na ndiyo inayotakiwa kuilisha kadi nguvu. Rudia hesabu yetu ya juu kwa koili yenye nusukipenyo cha sentimita 1.5. Kwa milimita 3 inabaki asilimia 94, bado salama. Kwa sentimita 1, asilimia 58. Kwa sentimita 2, asilimia 22. Yaani uga unaisha upesi mara mbili. Kwa hiyo mwenye duka anayepokea kwa simu ana sababu kubwa zaidi ya kuchagua kava nyembamba, na ya kumwambia mteja aiweke kadi ikigusane kabisa na mgongo wa simu, siyo kuipungia hewani kama anayemuaga mtu steshoni. Na kitako cha pete, kikiwa duara kamili la chuma, ni koili ya raundi moja iliyounganishwa ncha zake. Ukiiweka juu ya antena umeiwekea transfoma shoti. Kama mtu angetaka kukusudia kuiharibu antena ya simu bila kuifungua, asingepata umbo bora.

Sasa mkosaji wa pili, kadi zilizofichwa. Mama yangu ana kava ya pochi, ile inayofunguka kama kitabu, na ndani ameweka kadi ya benki, kadi ya bima na kitambulisho. Kwake yeye ni mpango mzuri: kila kitu mahali pamoja. Kwa mashine ya kadi ni fujo. Kadi ya benki iliyo ndani ya kava nayo ina antena na chipu, nayo inaitikia wito. Mashine inaona vitu viwili vikijibu kwa pamoja, na ikifuata kanuni inatakiwa isimame na kuomba kitu kimoja tu. Hiyo ndiyo hali njema. Hali mbaya ni pale simu ikiwa imejifunga na kulala: simu haijibu, kadi inajibu, na pesa zinatoka kwenye akaunti ya kadi wakati wewe ulikusudia kulipa kwa akaunti iliyo kwenye simu. Mtu anaweza kukaa wiki akidhani amelipa kutoka mfuko mmoja kumbe ni mwingine, hasa kama ada ya shule ilikuwa imewekwa katika ule usiotakiwa kuguswa. Hata kadi ya lango la ofisini inaweza kusumbua, kwa kuwa nyingi zinatumia megahezi zile zile 13.56. Kwa watu wa kava za pochi ushauri wangu ni mmoja: ifungue kava kama kitabu, ule upande wenye kadi uwe mbali, ugusishe upande wa simu peke yake. La, hamishia kadi kwenye mkoba.

Mkosaji wa tatu ni antena yenyewe kutojulikana ilipo. Hapa watengenezaji wa simu wametukosea adabu, kwa sababu hawakubaliani. Katika iPhone antena ya malipo iko juu, karibu na ukingo wa kamera, kwa hiyo unagusisha kichwa cha simu. Katika simu nyingi za Galaxy iko katikati ya mgongo. Katika nyingine za Android iko juu kando ya kamera. Mtu akibadilisha simu anabaki na mazoea ya simu ya zamani, anagusisha katikati wakati antena iko kichwani, kisha analaumu kava mpya aliyoinunua siku ile ile na simu. Kumbuka pia kwamba antena iko kwenye mgongo na siyo kwenye kioo. Wapo wanaogusisha upande wa kioo.

Kuipata ni kazi ya dakika mbili. Washa NFC kwenye mipangilio, weka programu yoyote ya kusoma tegi za NFC, kisha itelezeshe kadi ya benki polepole mgongoni mwa simu, kutoka juu kwenda chini. Pale simu inapotetema au kulia ndipo penye antena. Fanya hivyo mara mbili, moja bila kava na moja na kava ikiwa imevaliwa. Kama eneo linalolia ni lile lile mara zote mbili, kava yako haina kesi ya kujibu. Likipungua sana au kutoweka, tafuta chuma. Waandishi wa programu wajue kwamba tangu Android 14, ya mwaka 2023, kuna njia rasmi ya programu kuuliza simu antena yake iko wapi, kwa milimita, ikiwa mtengenezaji ameijaza taarifa hiyo. Sioni kwa nini programu ya malipo isimchoree mtumiaji duara dogo kwenye picha ya simu yake: "gusisha hapa". Hiyo ingepunguza malalamiko kuliko matangazo yote ya redioni.

Upande wa mashine nao una mahali pake. Tafuta alama ya mistari minne iliyopinda. Kwenye mashine nyingine iko juu ya kioo, kwenye nyingine iko pembeni au juu ya mahali karatasi inapotokea. Lengo ni koili mbili zitazamane, zikiwa sambamba, kisha utulie mpaka mlio usikike. Kutulia huko ni muhimu. Mazungumzo kati ya simu na mashine ni ya kwenda na kurudi mara kadhaa, na kasi yake ya msingi ni kilobiti 106 kwa sekunde. Ukiondoa simu katikati ya mazungumzo, mashine inabaki na nusu ya habari na inaanza upya. Wengi ninaowaona wakigusisha "mara nne nne" wangefaulu mara ya kwanza kama wangekaa sekunde moja zaidi.

Na hapa nawapa kipimo kimoja cha kutofautisha makosa. Mashine isipolia kabisa, tatizo ni la uga: chuma, kadi nyingine, au antena haikulengwa. Mashine ikilia halafu ikaandika kwamba malipo yamekataliwa, basi simu ilishasomwa vizuri, na kava imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa. Hapo tafuta salio, benki, au mtandao wa mashine yenyewe. Keshia akikuambia uvue kava baada ya mashine kulia, mwambie kwa upole kwamba haitasaidia. Pia angalia kama simu imeamka. Kwa kawaida simu ya Android haijibu mashine ya malipo kioo kikiwa kimezimwa, hata iwe uchi namna gani.

Mtaniuliza kuhusu zile stika zinazouzwa za "kuongeza nguvu ya NFC". Wenye umri wa kutosha mnakumbuka stika za rangi ya dhahabu za kubandika chini ya betri, enzi za simu za vitufe, zilizoahidi kuongeza mtandao. Hazikuongeza kitu. Hizi za sasa zina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ipo karatasi halali ya feraiti, nyeusi na nyembamba, inayotumika ndani ya simu zenyewe kutenganisha antena na betri. Feraiti inaupa uga njia ya kupita bila kukifikia chuma kilicho nyuma. Neno ni hilo: nyuma. Inafaa chuma kikiwa nyuma ya antena. Ndiyo kazi yake katika vibandiko vya malipo. Mwaka 2017 Safaricom ilipoijaribu huduma ya M-PESA 1Tap mjini Nakuru, wateja walikuwa na kadi, mkanda wa mkononi au kibandiko cha kuweka nyuma ya simu, na kibandiko chochote cha aina hiyo kinachokaa mgongoni mwa kifaa chenye betri na fremu ya chuma kinahitaji kinga kama hiyo. Lakini chuma kikiwa mbele, kati ya antena yako na mashine, kama ilivyokuwa pete ya binamu yangu, feraiti haikusaidii lolote. Ukiitia hapo unaongeza kizuizi kingine juu ya kizuizi. Okoa shilingi zako, sogeza chuma.

Kwa madereva wenye sahani ya sumaku: ipime simu kwa kadi kama nilivyoeleza, kisha ibandike sahani upande usiolia. Kwa iPhone ni rahisi, chini kabisa kunatosha. Kwa simu yenye antena katikati ni kazi zaidi, chagua sahani ndogo na uishushe kadiri kishikio kinavyoruhusu. Wanaochaji simu bila waya wana sababu ya pili ya kuiondoa katikati, kwa kuwa chuma hicho hupata moto juu ya chaja.

Ukienda kununua kava nyingine, nenda na kadi yako ya benki mfukoni. Ivalishe simu kava hapo hapo kibandani, fungua ile programu ya kusoma tegi, telezesha kadi mgongoni. Muuzaji wangu wa kule River Road alinitazama mara ya kwanza kama mtu anayefanya uganga. Mara ya pili akaniomba nimwekee programu hiyo kwenye simu yake, na sasa wateja wakimwuliza kama kava inapitisha malipo, anawapimia kwa kadi yake mwenyewe.